Pindo la plastiki limebanduka kiunoni: gundi, mianya na msasa kabla ya vanishi

"Habari za kazi, mtaalamu. Naunda gitaa langu la kwanza, la nyuzi za chuma. Mgongo na mbavu ni mahogani, uso ni sprusi. Pindo la plastiki la rangi ya pembe za ndovu, yaani ule ufito unaozunguka ukingo wa kasha, nililibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, nikafunga tepu ya karatasi, nikaacha siku mbili. Nilipotoa tepu lilibanduka kiunoni, na kwingine kukabaki mianya ya kama nusu milimita. Nikadondoshea supaglu, ikashika. Baada ya kupiga msasa nilipitisha kitambaa chenye spiriti, nikaona mabaka ya manjano pembezoni mwa uso, na mwanga ukipiga kwa ubavu uso wote unaonyesha mawimbi. Rafiki yangu fundi samani anasema nijaze mianya kwa unga wa mbao na gundi, nipige msasa hadi namba 600, kisha vanishi ya kwanza niipake nzito, kila kitu kitafunikwa. Nimsikilize?"

Kwa meza itakayopakwa rangi, ushauri huo ungepita. Kwa gitaa lenye vanishi angavu, hapana. Vanishi angavu haifuniki kasoro, inaikoleza: mwanya usiouona leo mbao ikiwa kavu utaonekana kama mstari mweusi ikishalowa vanishi. Tena koti nzito inapokauka hupoteza sehemu kubwa ya ujazo wake, kwa hiyo pale palipo na mwanya itanywea na kuacha bonde, mara nyingi wiki kadhaa baada ya kung'arisha. Koti nzito ya kwanza pia hufungia thina chini yake, na thina hiyo iko jirani na plastiki yako. Nitaeleza hapo mbele kwa nini hilo ni baya.

Habari njema ni kwamba hujaharibu gitaa. Una matatizo mawili yaliyochanganyika, yaani gundi isiyofaa kwa plastiki na ufito ambao haukukaa vizuri kwenye mfuo wake (mfereji uliochimbwa ukingoni kuupokea), na juu yake kuna madhara mawili yaliyotokana na jitihada za kurekebisha.

Tuanze na gundi. Gundi nyeupe ya mbao hushika kwa kuingia kwenye nyuzi za mbao. Maji yake hunyonywa na mbao, kinachobaki kinajifunga ndani ya nyuzi. Plastiki hainyonyi kitu, kwa hiyo upande wa mbao gundi imeshika barabara na upande wa plastiki imelala juu juu kama utando. Tazama mdomo wa chupa ya gundi yenyewe: iliyokaukia pale inang'oka kwa ukucha. Siku mbili au wiki mbili za kusubiri hazingebadilisha chochote. Na hapa ndipo penye jambo ambalo hutalipenda: sehemu za pindo ambazo bado zimeshika kwa gundi nyeupe zimeshika kwa bahati tu. Hali ya hewa ikibadilika, mbao ikavimba na kunywea, zitaachia moja moja.

Plastiki za pindo zinahitaji gundi inayoziyeyusha kidogo juu ili ziungane na kile kilichonyonywa na mbao. Aina mbili zinazopatikana zaidi ni seluloidi na ABS, na zote mbili huyeyuka kwa asetoni (kiyeyushi kikali). Kutofautisha ni rahisi: kwangua kipande cha ziada kwa wembe na unuse. Seluloidi hutoa harufu ya kafuri, kwa sababu kafuri ndiyo inayoilainisha kiwandani. ABS haina harufu hiyo. Usijaribu kwa kiberiti. Seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha, na hata maranda yake yaliyorundikana mezani hayatakiwi kuwa karibu na cheche. Kisha dondoshea tone la asetoni kwenye kipande hicho. Kikinata kidoleni baada ya nusu dakika, gundi ya plastiki yenye asetoni itafaa. Kisiponata kabisa, hiyo ni plastiki ya aina nyingine. Usiitumie kabla hujapata gundi iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Mbona supaglu ilishika? Kwa sababu inashika plastiki na mbao pia, na waundaji wengi wanaitumia kwa pindo. Ubaya wake uko kwenye wepesi. Supaglu nyepesi hupenya palipo na upenyo mwembamba wowote, na ukingo wa sprusi umejaa mirija iliyokatwa wazi, hasa kwenye ncha mbili za kasha, karibu na shingo na mkiani. Ikishaingia humo inageuka kuwa plastiki ndani ya mbao, na mbao ile haiwezi tena kunywa vanishi. Hayo ndiyo mabaka yako. Kinga yake ni kupaka shelaki (vanishi nyepesi inayoyeyushwa kwa spiriti) mara mbili ndani ya mfuo na kwenye ukingo wa uso kabla supaglu haijakaribia. Kama bado una sehemu ya kubandika kwa supaglu, fanya hivyo bila kukosa.

Sasa mianya, kwa kuwa hata gundi sahihi isingeiziba. Kiuno ndicho mahali pindo linapoachia katika magitaa mengi, na sababu ni ya umbo. Kwenye matumbo mawili ya kasha, ufito unazunguka mgongo wa tao: ukiuvuta, unajibana kwenye mbao. Kiunoni tao limegeuka kwa ndani: ukiuvuta, ufito unataka kunyooka kama uzi wa upinde, kwa hiyo unatoka kwenye mfuo. Anayeanzia mkiani na kuuvuta ufito kwa nguvu ili ulale vizuri anajitegea mwenyewe. Zaidi ya hapo, seluloidi huendelea kunywea kwa miaka kadiri viyeyushi vilivyomo vinavyotoka, na ikinywea inajivuta yenyewe. Ndiyo maana magitaa ya zamani yana pindo lililoachia palepale kiunoni. Dawa ni kuanzia kiunoni na kwenda nje pande zote mbili, huku ukiusukuma ufito kuelekea kiunoni badala ya kuuvuta kutoka kwake.

Sababu ya pili ni kona ya ndani ya mfuo. Biti ya ruta (kisu cha mashine ya kuchimbia mfuo) iliyopoteza makali huacha mviringo mdogo kwenye kona hiyo, na tone la gundi lililokauka hufanya kazi ileile. Ufito wenye kona kali unapanda juu ya mviringo huo na kubaki nje kwa robo au nusu milimita. Pitisha kikwanguo kwenye kona ya ndani ya ufito uiondoe kiasi cha milimita 0.3, ukae hadi mwisho. Jambo dogo hili linaokoa mianya mingi kuliko vibano vyote.

Ufanye nini basi na pindo lililopo? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuacha palipokaa vizuri, kubadilisha kiunoni tu na kuziba mianya midogo. Ni nyepesi, na kama gitaa hili ni la kujifunzia na la kubaki nyumbani kwako sitakulaumu, ila ujue utarudi kulitengeneza. Ya pili ni kung'oa pindo lote na kubandika upya, na ndiyo ninayokushauri, kwa sababu gundi nyeupe ipo chini ya pindo lote. Bado hujapaka vanishi. Baadaye kazi hii itakuwa mara tatu.

Kung'oa si kuvuta. Anza kwa kupitisha kisu chembamba chenye makali kwenye mstari kati ya plastiki na sprusi, mara mbili tatu, kisha kati ya plastiki na mbavu. Supaglu ikiwa imeshika upande mmoja, ukivuta bila kukata utaondoka na kipande cha uso. Palipo na gundi nyeupe ufito utatoka wenyewe. Palipo na supaglu, chonga plastiki kidogo kidogo kwa patasi hadi ufike kwenye mbao. Usimwagie asetoni ili kurahisisha: italainisha supaglu kweli, lakini itaichanganya na plastiki iliyoyeyuka na kuvisukuma vyote ndani zaidi ya sprusi. Bunduki ya hewa moto nayo iache, hasa kama umenusa kafuri.

Ukishang'oa, kwangua gundi iliyobaki kwenye mfuo kwa patasi kavu. Kisha chukua kipande cha ufito mpya chenye urefu wa sentimita 5 na ukipitishe mfuo mzima, sentimita kwa sentimita. Kinapoyumba au kuacha mwanga, weka alama ya penseli na urekebishe sasa. Ufito ukikaa, unatakiwa utokeze milimita 0.2 hadi 0.3 juu ya uso na nje ya mbavu. Ukitokeza zaidi kwa kuwa umeshapiga msasa pembeni, si neno, utaukwangua. Ukizama chini ya mbao hapo kuna tatizo, maana utalazimika kuishusha mbao kuufuata.

Ufito wa zamani usiutumie tena. Ule mpya upashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ulainike, uufunge kiunoni bila gundi na uuache hadi kesho yake, ili ushike umbo. Wakati wa kubandika paka gundi ya plastiki kwanza ndani ya mfuo peke yake na uiache mbao inywe kwa dakika chache. Mbao kavu hufyonza koti ya kwanza yote na kuacha kiungo kikiwa na njaa. Kisha paka tena kwenye mfuo na kwenye ufito, sentimita 10 hadi 15 kwa awamu, ufunge tepu kila sentimita 2 au 3. Tepu ianzie ubavuni, ishike ufito, ndipo uivute kupanda juu ya uso. Ukianzia juu unauinua ufito kutoka chini ya mfuo. Kiunoni tepu peke yake haitoshi. Weka kitalu cha mbao kilichochongwa kufuata tao hilo na ukifunge kwa mkanda wa mpira kuzunguka kasha lote.

Toa tepu baada ya saa 24, ukiivuta polepole ikiwa imelala, kufuata nyuzi za sprusi, la sivyo itaondoka na nyuzi. Halafu subiri. Gundi imeivimbisha plastiki, na ukiikwangua kesho ikawa sawa na mbao, itanywea na kuzama wiki ijayo. Siku 3 ndio kiwango cha chini, wiki moja ni bora. Hata kwa pindo la mbao, ambalo gundi nyeupe au ya njano inalifaa kabisa, maji ya gundi huvimbisha kiungo, na anayekwangua mapema hupata mfereji baadaye.

Mwanya mdogo utakaobaki usiujaze unga wa mbao. Kuna plastiki ya rangi ya pembe upande mmoja na sprusi nyeupe upande wa pili. Unga uliochanganywa na gundi utakuwa mstari wa kahawia katikati. Chukua maranda ya ufito uleule, uyaloweke kwenye asetoni safi ndani ya kichupa cha kioo kwa usiku mmoja, upate uji mzito wa rangi ileile. Dawa za kuondolea rangi ya kucha zenye mafuta hazifai. Jaza uji huo upitilize kidogo, acha siku, jaza tena. Unanywea sana, kwa hiyo mara moja haitoshi. Mwanya ukizidi nusu milimita, uji utaonekana kama kovu. Hapo bandua kipande hicho na ukikalishe upya.

Kukwangua pindo ni kazi ya kikwanguo cha chuma, si msasa. Plastiki ni ngumu kuliko sprusi, na ukiipitisha msasa kwa vidole utachimba sprusi kandokando na kuacha pindo likisimama kama ukuta. Bandika tepu mbili juu ya uso pembeni mwa pindo zikulinde, na uache kukwangua unapoanza kuigusa tepu.

Hilo linatuleta kwenye mawimbi. Sprusi ina mistari miwili inayopokezana: laini, uliokua mwanzoni mwa msimu, na mgumu, uliokua mwishoni. Kidole kikiwa nyuma ya msasa, kinazama kwenye laini na kupanda kwenye mgumu, na kila unavyozidisha bidii ndivyo mabonde yanavyoongezeka. Tumia kitalu kigumu kilichobandikwa koki nyembamba (ile ya vizibo vya chupa) chini yake, bapa kabisa. Chora uso mzima kwa penseli, mistari myepesi ya kukatiza, kisha piga msasa namba 150 kufuata nyuzi hadi penseli iishe. Inapoisha, acha. Kabla ya yote pima unene kupitia tundu la sauti na kwingine kote unapoweza kufika. Nyuso za gitaa la nyuzi za chuma kwa kawaida huwa kati ya milimita 2.5 na 3, na wewe umeshaondoa sehemu.

Namba 180 na 220 zinakuja baadaye, na kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia tu. Kwa mahogani 220 inatosha kabla ya filla (kijazio cha vitundu vya mbao). Kwa sprusi unaweza kumalizia na 320. Namba 600 kwenye mbao tupu haikuongezei kitu: ulaini utakaouona mwisho unatokana na vanishi iliyosawazishwa, na mbao iliyosuguliwa hadi ikang'aa huishika vanishi vibaya zaidi. Angalia hasa mahali pindo linapokatiza nyuzi, mkiani na karibu na shingo. Mikwaruzo ya kukatiza pale haionekani hadi koti ya kwanza.

Kwa mabaka, usitumie spiriti kukagua. Tumia spiriti nyeupe ya petroli, ile ya kusafishia brashi za rangi ya mafuta, na taa iliyolala ubavuni. Haiiumizi plastiki, haivimbishi mbao, na kwa dakika moja inakuonyesha mbao itakavyokuwa chini ya vanishi. Zungushia mabaka penseli. Yale ya juu juu yatatoka pamoja na mawimbi. Yaliyoingia ndani usiyakimbize: utachimba shimo na kupunguza unene ukingoni kwa ajili ya doa la upana wa ukucha. Kama umeng'oa pindo, una njia safi zaidi, nayo ni kupanua mfuo upande wa uso kwa milimita 1.5 hivi, kwa kina cha uso tu, na kuweka mstari wa mapambo wa mbao kati ya pindo na sprusi. Doa linaondoka pamoja na mbao iliyokatwa. Hakikisha tu mbao za ndani zinazounganisha uso na mbavu zina upana wa kutosha kubaki na kiungo kizuri baada ya kukata. Njia nyingine ni kivuli cha rangi ya kahawia kuzunguka ukingo. Si udanganyifu, ni mtindo wa siku nyingi, ingawa kuupulizia sawasawa kunataka mkono uliozoea.

Pindo likiwa tayari na mbao safi, ondoa vumbi kwa kifyonza vumbi na brashi kavu. Vumbi la mahogani likisuguliwa kwa kitambaa kilicholowa hujaa kwenye mstari wa pindo na kulitia doa. (Ukija siku moja kuunda kwa mpingo au jamaa zake wa Dalbergia, ongeza tahadhari: rangi yao huyeyuka kwa spiriti na kumwagikia pindo jeupe, na mafuta yao hukataa gundi usipopangusa kwa asetoni kabla ya kubandika.) Kisha paka shelaki isiyo na nta, gramu 120 kwa lita moja ya spiriti, koti mbili nyepesi kila mahali, uso na pindo vikiwemo. Shelaki yenye nta itafanya vanishi nyingi zisishike juu yake. Baada ya hapo ndipo ujaze vitundu vya mahogani kwa filla, mgongo na mbavu tu, uso umefunikwa kwa karatasi na tepu. Sprusi haihitaji filla. Jaza mara mbili, ukisawazisha na namba 320, kwa kuwa filla nayo hunywea. Filla yenye rangi iliyopanda juu ya pindo ikwangue kwa wembe.

Koti za kwanza za vanishi ziwe nyembamba, karibu ukungu. Thina ya laka (vanishi inayokauka upesi kwa kupoteza thina) inayeyusha seluloidi na ABS kama gundi yako ilivyofanya. Koti nzito italainisha pindo, iyavute yale uliyoyaziba na kufanya ukingo uvimbe. Rafiki yako hajui hili kwa sababu samani zake hazina plastiki ukingoni.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kukusaidia, na hapo lipeleke gitaa kwa muundaji alishike mkononi. Gonga ukingo wa uso na mgongo kwa kifundo cha kidole kuzunguka kote: palipo na sauti ya kupwaya, huenda uso wenyewe umeachia mbavu, na hilo hutengenezwa kabla ya pindo. Vivyo hivyo ukipima uso ukakuta chini ya milimita 2.5 katikati. Usipige msasa tena hata kama mawimbi bado yapo, kwa sababu mbao ile itavutwa na nyuzi za chuma kila siku, na anayeweza kuamua kama inatosha ni mtu anayeikunja kwa vidole na kuiona. Na ukipata vipele au kifua kubana baada ya vumbi la mbao au moshi wa supaglu, simamisha kazi umwone daktari. Barakoa ya kuchuja vumbi vaa tangu mwanzo; kwa mvuke wa gundi na thina haitoshi, hapo fungua madirisha au fanyia kazi nje.